Kontakti ya kikoa imekataliwa: dalili, sababu na tiba kwa wanaotumia zana za EPP

Anayesajili vikoa (majina ya tovuti, kama yale ya .tz au .ke) kwa niaba ya wateja hugundua mapema kwamba kikoa chenyewe husumbua mara chache. Kinachosumbua ni kontakti, yaani ile rekodi inayobeba jina la mmiliki, anwani yake, simu na barua pepe. Rejista, yaani taasisi inayotunza daftari la vikoa, huihifadhi kama kitu kinachojitegemea, chenye kitambulisho chake na msajili wake (kampuni inayosajili kwa niaba ya wateja), kisha kikoa ndicho hufungwa kwake. Programu nyingi tunazotumia humwonyesha mtumiaji fomu moja tu ya "sajili kikoa", naye hadhani kama nyuma ya fomu hiyo kuna vitu viwili tofauti. Matatizo karibu yote yaliyomo humu yanaanzia kwenye dhana hiyo.

Nimeyakusanya kutokana na maswali yale yale yanayorudi kwa mawakala na wasajili wa .tz na .ke, na kwa vijana wanaoandika au kuandikia maelezo zana za kuendesha kontakti. Msingi ni EPP, itifaki ambayo zana ya msajili huitumia kuzungumza na seva ya rejista. Ufafanuzi wake wa kontakti uko katika RFC 5733 ya mwaka 2009, mojawapo ya hati za viwango vya intaneti. Hata hivyo rejista hazifanani. Rejista ya .tz ilichukua mfumo wa FRED, uliotengenezwa na CZ.NIC, wasimamizi wa kikoa cha Jamhuri ya Cheki, na FRED ina skima yake ya kontakti, yaani kanuni za sehemu zinazotakiwa na umbo lake, ambayo si ile ya RFC. Ndiyo maana hata maktaba ya Perl iitwayo Net::DRI imetenga faili za kontakti kwa rejista za nchi mbalimbali. Hakuna umbo moja linalozitosha zote.

Kabla ya kugusa chochote, itafute namba ya jibu. Seva ya EPP hujibu kwa namba ya tarakimu nne: 1000 ni sawa, 1001 ni "nimepokea, subiri", na zinazoanza na 2 ni kukataliwa. Zana nyingi huimeza namba hiyo na kumwonyesha mtumiaji neno "Imeshindikana" peke yake. Kama yako inafanya hivyo, washa logi ya XML (maandishi yenye alama ambayo EPP hutumia) inayotoka na inayoingia, ukifunika nenosiri na misimbo ya uhamisho, yaani siri za kuhamishia kikoa au kontakti kwa msajili mwingine. Hakikisha pia logi inahifadhi vitambulisho viwili vya muamala, cha kwako na cha seva, kwa kuwa ndivyo rejista itakavyokuuliza siku utakayowapigia.

Dalili: zana haiunganishi kabisa, au inaunganisha na kukatwa

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni anwani ya IP. Rejista huruhusu anwani zilizoorodheshwa tu, na ofisi iliyobadilisha mtoa huduma wa intaneti imebadilisha IP hata kama hakuna aliyelitambua hilo. Linganisha IP mliyonayo leo na ile mliyoandikisha. Kisha angalia kama mlango 700 uko wazi kutoka kwenye seva yenu, na kama cheti chenu cha TLS, kile cha muunganisho salama, hakijaisha muda.

Ukipata 2200 au 2501, shida ni kuingia. Hapa kuna mtego mmoja unaowapata watu makini: RFC 5730 inataka nenosiri la EPP liwe na herufi 6 hadi 16. Mtu anatengeneza nenosiri zuri la herufi 24, zana inalikata kimyakimya au seva inalikataa, na hakuna anayeelewa. Mwaka 2020 ilitoka RFC 8807 inayoruhusu manenosiri marefu zaidi, lakini inafanya kazi pale tu rejista na zana zote mbili zinapoitumia. 2502 maana yake mmefungua vipindi vingi kupita kiwango. Mara nyingi ni programu inayoingia kila mara bila kutoka.

Kuna hali moja ya ajabu ambayo nimeona ikiwasumbua watu siku nzima: zana inafanya kazi kwa wateja wote isipokuwa wachache, hasa wa Bujumbura na Kinshasa. Kila ujumbe wa EPP hutanguliwa na baiti 4 zinazotaja urefu wake, zikiwemo hizo baiti 4 zenyewe. Programu ikihesabu herufi badala ya baiti, jina lenye é au ç, herufi ambazo kila moja huchukua zaidi ya baiti moja, linakuwa refu kuliko urefu uliotajwa. Seva inasoma XML iliyokatwa mkia, inalalamika, kisha inafunga mstari. Kiswahili chetu karibu chote kinaandikwa kwa herufi za kawaida, kwa hiyo kosa hili linaweza kujificha miaka. Hesabu baiti baada ya kusimba kwa UTF-8 (mfumo wa kugeuza herufi za lugha zote kuwa baiti), isiwe kabla.

*Acha hapo na uwasiliane na rejista* ukiwa umekataliwa kuingia mara tatu mfululizo. Kuendelea kubahatisha kunaweza kufungia akaunti yenu, na vikoa vya wateja vinavyotakiwa kulipiwa siku hiyo vitakwama nanyi.

Dalili: kontakti mpya inakataliwa (2001, 2003, 2004, 2005)

Hapa ndipo kwenye kazi. Kwa kanuni, 2001 ni XML iliyovunjika, 2003 ni kitu cha lazima kilichokosekana, 2004 ni thamani iliyo nje ya mipaka, na 2005 ni thamani iliyoandikwa kwa umbo lisilokubalika. Kwa vitendo, seva nyingi hukagua skima kwanza, hivyo simu iliyoandikwa vibaya inaweza kurudi kama 2001. Usiifuate namba peke yake. Pitia sehemu zifuatazo kwa mfuatano huu, kwani ndivyo zinavyoongoza kwa makosa.

*Simu.* EPP inataka alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, nukta, kisha namba bila sifuri ya mwanzo: `+255.7XXXXXXXX`. Watu huleta `07XXXXXXXX`, au `+2557XXXXXXXX` bila nukta, au `+255.07XXXXXXXX` wakiwa wameiacha sifuri ndani. Hili la mwisho ndilo baya zaidi, maana lina umbo sahihi. Seva inalikubali, na namba inabaki mbovu hadi siku mtu atakapoipiga. Halafu kuna zile namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, kama tunavyoandika kwenye vibao vya maduka. EPP inapokea namba moja tu.

Upande wa pili ni zana inayokataa namba nzuri. Aliyeandika ukaguzi alijua namba zinaanza na 07, basi. Tanzania kuna 06, na Kenya siku hizi kuna 01. Mteja mwenye laini ya 01 anaambiwa simu yake si sahihi, nayo kosa halijafika hata kwenye rejista. Ukiona kukataliwa lakini kwenye logi hakuna ujumbe uliotoka, anayekataa ni zana yako mwenyewe.

*Postikodi.* Katika RFC 5733 sehemu ya `pc` si ya lazima, ila katika FRED ni ya lazima. Zana iliyojaribiwa kwenye rejista moja itapata 2003 kwenye nyingine. Kwa Tanzania tumia postikodi ya tarakimu tano ya kata husika. Kosa linalorudi zaidi, hata hivyo, ni la Kenya: orodha ya wateja imepitia Excel, na 00100 ya Nairobi GPO imekuwa 100. Hifadhi postikodi kama maandishi, kamwe isiwe namba, kwenye hifadhidata pia. Wateja walioko Dubai wanasema kweli wanapokwambia hawana postikodi, maana Falme za Kiarabu hazitumii. Usimlazimishe mteja abuni. Uliza rejista wanataka sehemu hiyo ijazwe nini, kisha uliandike jibu lao kwenye maelezo ya zana ili mwenzako asilazimike kuuliza tena.

*Nchi.* Ni herufi mbili za ISO 3166: TZ, KE, UG, RW, BI, OM. Si "Tanzania", si "TAN", si "ZNZ". Uingereza ni GB, ingawa kikoa chake ni .uk. Kongo ya Kinshasa ni CD na ya Brazzaville ni CG. Hizo mbili zikibadilishana, seva haitalalamika hata kidogo.

*Jina.* Hapa naomba umakini, kwa sababu Kiswahili na lugha zetu nyingine za Bantu zina ritifaa. Mteja anaandika jina lenye Ng' kwa simu yake, na simu inaweka ritifaa iliyopinda (’) badala ya iliyonyooka ('). Machoni zinafanana. Kwa seva, ile iliyopinda si ASCII (seti ya herufi na alama za msingi za Kiingereza), na anwani ya aina ya `int` katika RFC 5733 hairuhusu chochote nje ya ASCII, tofauti na aina ya `loc` inayopokea UTF-8 yote. Matokeo yake ni jina la ukoo, ambalo mtu amelibeba tangu kuzaliwa, kuambiwa "si sahihi". Suluhisho ni zana kugeuza ritifaa iliyopinda kuwa iliyonyooka kabla ya kutuma. Kuifuta si suluhisho. Ng'ombe bila ritifaa yake si Ng'ombe, na jina kwenye kontakti likitofautiana na la kitambulisho, siku ya mgogoro mwenye kikoa ndiye atakayesumbuka kujithibitisha.

Jina la kampuni lina mtego wake: alama ya `&`. "Baba & Wanawe" ikipachikwa kwenye XML ilivyo, ujumbe wote unavunjika na unapata 2001. Inatakiwa iandikwe `&amp;`. Ukiona 2001 na huoni kosa, tafuta `&` kwanza. Kisha tafuta nafasi isiyoonekana iliyonakiliwa kutoka kwenye PDF ya cheti cha usajili wa kampuni. Ponya kwa kutumia maktaba ya kutunga XML. Usiunganishe vipande vya maandishi kwa mkono.

*Anwani.* Mistari ya mtaa haizidi mitatu. S.L.P. nayo inahesabiwa kuwa mstari. Wateja hupenda kueleza njia, "nyuma ya msikiti, ghorofa ya pili, ulizia", na fomu inagawa maelezo hayo kuwa mistari mitano. Punguza.

*Kitambulisho cha kontakti.* RFC inataka herufi 3 hadi 16. Zana inayounda kitambulisho kutokana na jina la mteja itafeli kwa wenye majina marefu tu, na hilo ndilo linalomfanya mtu adhani tatizo ni mteja.

Ukiwa umepitia yote hayo na bado inakataa, chukua kontakti ileile, ijaze kwa thamani fupi zilizo salama, itume kwenye mazingira ya majaribio ya rejista, kisha rudisha thamani halisi moja baada ya nyingine. Inachosha, ila haikosi. Usifanye jaribio hilo kwenye rejista hai, kwa kuwa kila kontakti ya uongo unayoiacha humo ni taka kwenye daftari la nchi.

Anayeandika maelezo ya zana aandike kila sehemu pamoja na mfano mmoja unaokubalika na mmoja unaokataliwa, kwa rejista iliyotajwa jina. Sentensi kama "weka namba ya simu sahihi" haimsaidii mtu, kwani kila aliyekosea aliamini namba yake ni sahihi.

Dalili: 2302, "kontakti hii ipo tayari"

Mara nyingi ni wewe uliyeiunda. Amri ilitoka, seva ikaunda kontakti, jibu likapotea njiani mtandao ulipokatika, nayo zana ikarudia. Tuma amri ya kuisoma kontakti. Ikiwa ni yako na taarifa zinalingana, endelea nayo. Ikiwa ni ya msajili mwingine, kitambulisho hicho kimetumika. Weka kiambishi cha kampuni yenu mbele ya vitambulisho vyote ili visigongane tena.

Kinyume chake ni 2303, kontakti haipo. Kagua tahajia kwanza. Kama ni kontakti ya zamani ambayo haijafungwa kwenye kikoa chochote, huenda imefutwa na rejista: katika FRED kontakti zisizotumika zinaweza kufutwa zenyewe baada ya muda uliowekwa. Usiziweke akiba.

Dalili: kontakti ipo, lakini mabadiliko yanakataliwa

Ukipata 2201, kontakti si yenu. Hili linawashangaza watu wengi baada ya kuhamisha kikoa: kikoa kimekuja, mteja amelipa, lakini simu yake haibadiliki. Katika FRED kikoa na kontakti huhamishwa kila kimoja kwa amri yake. Kikoa kimehama, kontakti imebaki kwa msajili wa zamani. Una njia mbili. Unaweza kuihamisha kontakti kwa msimbo wake, au kuunda kontakti mpya kwenu na kukifunga kikoa kwake. Ya kwanza ni bora mmiliki akiwa hajabadilika, maana historia yake inabaki moja. Ya pili inaonekana rahisi, lakini kwenye rejista inasomeka kama kubadilisha mmiliki, na huenda ikadai nyaraka.

2304 maana yake kuna hali iliyofungia. Soma hali za kontakti. Inayoanza na `client`, kama `clientUpdateProhibited`, ilifungwa na msajili, yaani ninyi. Iondoe kwa amri inayoondoa hali hiyo peke yake, kisha tuma mabadiliko kwa amri ya pili. Inayoanza na `server` imefungwa na rejista. Acha hapo hapo. Inaweza kuwa amri ya mahakama au mgogoro unaoendelea. Usitafute njia ya kuzunguka kwa kuunda kontakti nyingine. Piga simu rejista.

2305 unapofuta ni kawaida: kontakti bado imefungwa kwenye kikoa. Tafuta ni kipi.

Kuna pia mabadiliko yanayokubaliwa na kuharibu. Umetuma mji mpya tu, na mtaa umepotea. Rejista nyingi huichukua anwani unayotuma kuwa anwani nzima, na usichokitaja huhesabiwa kuwa umekiondoa. Zana nzuri husoma kontakti kwanza, hubadilisha kinachobadilika, kisha hurudisha anwani yote.

Dalili: umebadilisha kontakti moja, vikoa vingi vimebadilika

Hii ni ya hatari, na inatokea zaidi ya inavyosemwa. Sababu ni wakala aliyeweka kontakti moja kwa wateja wake wote ili kuokoa muda. Siku mteja mmoja anaomba jina lake liwekwe, mfanyakazi anaihariri kontakti ile, na dakika hiyohiyo vikoa vya wateja wengine wote vinakuwa mali yake kwenye daftari. Rejista imefanya kilichoombwa.

Kabla ya kuhariri jina au shirika kwenye kontakti yoyote, hesabu imefungwa kwenye vikoa vingapi. Hali ya `linked` itakuambia tu kwamba imefungwa mahali, haisemi ni wapi. Hesabu hiyo lazima itoke kwenye hifadhidata yenu. Ikizidi kimoja, usihariri. Unda kontakti mpya ya mteja huyo na ubadilishe mmiliki wa kikoa chake peke yake.

*Kama limeshatokea:* simamisha kazi zote za kiotomatiki, usijaribu kukumbuka taarifa za awali kwa kichwa, toa thamani za zamani kwenye logi au nakala ya akiba, na uiarifu rejista siku hiyohiyo. Taarifa za mtu zikiwa zimeonekana kwa asiyestahili, hilo pia ni suala la kisheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume inayoisimamia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inatoa saa 72 za kumjulisha Kamishna. Hapo anahitajika mwanasheria, fundi amemaliza sehemu yake.

Dalili: mabadiliko yamekubaliwa, lakini Whois (huduma ya umma ya kutafuta taarifa za kikoa) inaonyesha ya zamani au haionyeshi kitu

Anza na jibu la seva. Kama lilikuwa 1001 na si 1000, mabadiliko yanasubiri idhini. Kisha soma kontakti kwa EPP moja kwa moja. Rejista ikikuonyesha taarifa mpya, kazi yako imekamilika na kinachochelewa ni kache, yaani nakala ya muda, ya tovuti unayotazamia. Kama rejista nayo inaonyesha ya zamani, angalia kama hukubadilisha kontakti ya msimamizi ukidhani ni ya mmiliki. Kikoa kimoja kinaweza kuwa na zote mbili, na majina yanafanana.

Taarifa zisipoonekana kabisa, tazama kipengele cha `disclose`. Watu wengi hukisoma kinyume. `flag="0"` maana yake vitu ulivyoviorodhesha visionyeshwe, na `flag="1"` maana yake vinaruhusiwa kuonyeshwa. Nimeona zana ambayo kisanduku chake cha "ficha simu yangu" kilikuwa kikituma 1. Kila aliyeomba faragha alitangazwa, na aliyenyamaza alifichwa. Jaribu kisanduku hicho wewe mwenyewe, kwa kontakti yako, uone kinachotoka nje. Usiamini maneno yaliyo kwenye kitufe.

Kwa .com na vikoa vingine visivyo vya nchi, tangu tarehe 28 Januari 2025 wasajili hawalazimiki tena kutoa Whois, na mahali pake ni RDAP, itifaki mpya ya kutafuta taarifa hizo. Zana inayouliza mlango 43 wa Whois pekee inaweza kurudi mikono mitupu. Vikoa vya nchi kama .tz na .ke havifungwi na tarehe hiyo.

Dalili: rejista ya nchi nyingine inakataa kontakti iliyokubaliwa nyumbani

Mteja aliyeko Houston anataka .us, au binti yake aliyeko Turin anataka .it. Kontakti ile ile iliyopita kwenye .ke inakataliwa kwa 2003 au 2306. Sababu ni sehemu za ziada za nchi husika.

Kwa .us kuna sehemu mbili: madhumuni, P1 hadi P5, na uhusiano na Marekani, ambapo C11 ni raia, C12 mkaazi wa kudumu, C21 taasisi iliyosajiliwa huko, C31 taasisi ya nje yenye shughuli za kawaida huko, na C32 yenye ofisi huko. Kwa .it kuna aina ya mmiliki kuanzia 1 hadi 7, uraia, na namba ya utambulisho. Kwa .uk kuna aina ya mmiliki, ambapo mtu asiye wa Uingereza ni `FIND` na kampuni ya nje ni `FCORP`.

Usichague msimbo kwa sababu tu unapita. Mtu wa Mwanza asiye na uhusiano wowote na Marekani akiandikiwa C11, kikoa kitasajiliwa leo na kinaweza kuondolewa kesho atakapokaguliwa, akiwa ameshachapisha kadi na kuandika mabango. Msimbo huo ni tamko la mteja, kwa hiyo aulizwe mwenyewe. Zana isiwe na chaguo lililowekwa tayari.

Dalili: msimbo wa uhamisho au taarifa ya kuisha muda haimfikii mwenye kikoa

Nimeiweka hii mwisho kwa sababu inaumiza kuliko zote, na hakuna namba ya hitilafu itakayokuonya.

Sababu ya kwanza: barua pepe iliyo kwenye kontakti ni ya fundi aliyetengeneza tovuti. Shule ilimlipa kijana, kijana akajaza fomu kwa jina na barua pepe yake, labda bila nia mbaya, na miaka ikapita. Niliwahi kupigiwa na mwalimu mkuu ambaye tovuti ya shule ilikuwa imezimika wiki ya kutangaza nafasi. Stakabadhi zote alikuwa nazo, lakini kwenye daftari la rejista shule haikuwemo. Aliyekuwemo ni mtu aliyehama nchi.

Sababu ya pili: barua pepe ya kontakti iko kwenye kikoa kilekile inachokilinda. Kikoa kikiisha muda, barua pepe inakufa nacho, na tangazo la kukihuisha linatumwa kwenye sanduku lisilofunguka. Katika FRED msimbo wa uhamisho hutumwa kwa barua pepe ya kontakti, kwa hiyo mlango wa kutokea umefungwa pia.

Sababu ya tatu ni ndogo: barua imeingia kwenye taka, au sanduku limejaa.

Kagua kwa kusoma kontakti ya mmiliki na kumuuliza mteja swali moja: "Barua pepe hii, ni nani anayeifungua leo?" Kama jibu ni jina la mtu wa nje, rekebisha sasa, kikoa kikiwa hai na fundi bado anapokea simu. Mmiliki awe taasisi au mtu mwenyewe. Barua pepe iwe ya kazi inayofunguliwa na zaidi ya mtu mmoja, nje ya kikoa husika. Fundi awekwe kama kontakti ya msimamizi, hiyo inamtosha kufanya kazi yake. Zana yako nayo ikatae, au walau ionye, pale barua pepe ya mmiliki inapokuwa kwenye kikoa kinachosajiliwa, au inapojirudia kwa wamiliki wenye majina tofauti. Ukaguzi huo ni mistari michache ya programu.

Yapo mambo ambayo huruhusiwi kuyarekebisha kwa zana, hata kama amri ingepita:

- Fundi na mteja wanagombania kikoa. Usibadilishe chochote kwa ombi la upande mmoja. Peleka nyaraka za pande zote rejista.
- Wabia wa biashara wametengana na kila mmoja anadai jina. Subiri uamuzi wa maandishi.
- Mmiliki amefariki. Hata mjane akikuletea kitambulisho na nenosiri, usihariri jina kwenye kontakti ile. Mpe pole, mweleze kwamba anayeweza kuomba ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kama muda wa kikoa unakaribia kuisha, kilipie kihuike kwa jina lilelile la marehemu. Kuhuisha hakubadilishi mmiliki, na kunaipa familia muda wa kumaliza shughuli za mahakamani.